Kwa Nini Hatuoshi Tangi Lako kwa Mpira wa Maji Pekee

Wateja wetu hapa Kisumu, kuanzia Milimani hadi Kondele, hutuuliza: kama maji yanaonekana safi na mfuniko hufungwa vizuri, mbona tusilipige tangi maji kwa mpira tukamaliza? Swali hilo ni la haki, maana kazi ya brashi ndiyo inayochukua muda na kuongeza gharama. Jibu liko kwenye ukuta wa ndani wa tangi.

Tangi likishuka maji, pitisha kidole karibu na bomba la kutolea. Utakuta utelezi wa rangi ya kahawia, wenye harufu ya tope, na ukiukwangua kwa kucha unajikusanya kama kamasi. Hilo si vumbi lililotuama tu. Ni bakteria walioshikamana na ukuta, wamejifunika ute waliotengeneza wenyewe.

Wamefikaje? Bakteria wengi wa majini wana flajela, yaani nyuzi ndefu za protini zinazochomoza mwilini. Chini ya kila uzi kuna mota ya protini inayouzungusha. Mwaka 1973 ndipo Howard Berg na Robert Anderson walipotoa hoja kwamba nyuzi hizi huzunguka; kabla ya hapo wengi walidhani zinajipinda tu huku na huku. Chukua E. coli, bakteria wa utumbo anayeingia majini kupitia kinyesi. Urefu wake ni kama mikromita 2, kwa hiyo 500 wakijipanga mstari mmoja wanafikisha milimita moja tu. Flajela zake huzunguka mara 100 hivi kwa sekunde. Zikizunguka kinyume na mishale ya saa, hujikusanya fungu moja na kumsukuma mbele. Baadhi zikigeuza mzunguko, fungu linafumuka, naye anabiringika na kushika njia nyingine. Kwa kurudia hivyo anasogea kuelekea penye chakula, na ndani ya tangi chakula hutua kwenye kuta na sakafuni.

Akishagusa ukuta, kazi inahamia kwa nyuzi nyingine, fupi na nyembamba zaidi, zinazomsaidia kunata. Pseudomonas, ambaye hupatikana sana penye unyevunyevu, ana aina inayorefuka na kufupika: anaurusha uzi, ncha inanata, kisha anaurudisha ndani na mwili wake unaburutwa, kama mvuvi wa Dunga anayetupa nanga mbele ya mtumbwi na kujivuta kwa kamba. Baadaye wengi hupunguza kuogelea na kuanza kutoa ute.

Nguvu ya maji hapo haitoshi. Kuna jambo lililotushangaza tuliposoma habari hizi: nyuzi ambazo E. coli hutumia kushika seli za kibofu cha mkojo hukaza mshiko kadiri maji yanavyozivuta, hadi kiwango fulani. Hiyo ni kwa seli za mwilini, si kwa plastiki ya tangi. Kwenye plastiki, ute ndio unaobeba mzigo mkubwa, na mpira wa maji huondoa tope la juu na kuuacha ute pale pale. Klorini nayo huishia kwenye tope na tabaka la juu kabla haijawafikia waliojificha chini. Ndiyo maana kumimina dawa kwenye tangi ambalo halijasuguliwa ni kupoteza pesa.

Tuseme ukweli: bakteria wengi wa ute huo hawadhuru mtu mwenye afya. Tatizo ni kwamba wale wa magonjwa wakiingia wanapata maficho. Mji wetu umeshapigwa na kipindupindu, na kimelea chake kina flajela moja upande mmoja wa mwili na nyuzi za kunatia, ambazo humwezesha hata kukaa kwenye magamba ya viumbe vidogo sana wanaoelea majini. Tafadhali usinywe maji ya ziwa bila kuyatibu, hata yakiwa maangavu.

Kwa hiyo sisi tunamaliza maji, tunasugua kuta, sakafu na sehemu ya chini ya mfuniko, tunatoa tope lote, tunasuuza, ndipo tunaweka klorini. Kipimo chetu ni miligramu 50 kwa lita. Kwa tangi la lita 1,000 lililojaa, hiyo ni karibu lita moja na nusu ya dawa ya asilimia 3.5. Tunafungua kila mfereji wa nyumba hadi harufu ya klorini isikike, kwa sababu ute hukaa mabombani pia, kisha tunaacha dawa ifanye kazi kwa saa kadhaa kabla ya kumwaga na kusuuza upya. Fundi haingii tangini bila mwenzake kusimama nje akimwangalia, na hatuchanganyi klorini na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa hewa inayotoka ni sumu.

Ukitupangia siku, tumia maji hadi tangi libaki karibu tupu, na uweke akiba ya kupikia kwenye mitungi. Maji ya klorini tutayamwaga mbali na sukuma wiki yako.