Extra Golden ilizaliwa Nairobi, msituambie ni bendi ya Wamarekani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Jumamosi. Nilikuwa kwa kinyozi hapa Kondele, redio imewashwa, mtangazaji akaweka wimbo wa Extra Golden halafu akasema ati hao ni Wamarekani waliojifunza benga, huu muziki wetu wa gitaa wa Kijaluo, na kabla gitaa hazijakolea akaukata akaingiza tangazo la mikopo ya simu. Kinyozi akasimamisha mashine akaniuliza, kwani siku hizi Wazungu wanaimba Kijaluo safi hivi? Nikashindwa nianzie wapi, ndio nikaona niwaandikie nyinyi.

Mambo yalikuwa hivi. Kulikuwa na bendi ya roki kule Washington ikiitwa Golden, zile bendi ndogo wanazoziita indie, zinazojitegemea bila kampuni kubwa nyuma yao. Mmoja wao, Ian Eagleson, alikuja Kenya kufanya utafiti wa PhD kuhusu benga, na huku akajuana na Otieno Jagwasi, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya benga iitwayo Orchestra Extra Solar Africa. 2004 mwenzake Eagleson, Alex Minoff, akaja kumtembelea Nairobi, basi wakaamua kujaribu kupiga pamoja na Otieno, na kwenye dramu akakaa Onyango Wuod Omari. Hata jina lenyewe ni la pande mbili, Extra imetoka kwa Otieno na Golden imetoka kwa wageni. Sasa huo Umarekani mtupu unatoka wapi?

Kinachoniuma zaidi ni Otieno. Alikuwa mgonjwa na akafariki 2005, albamu waliyopiga pamoja ikatoka 2006 kupitia Thrill Jockey, kampuni ndogo ya muziki ya Chicago, yeye hayupo tena. Jina la albamu ni Ok-Oyot System, na kwa Kijaluo ok oyot maana yake si rahisi. Mimi nikisikia hilo jina namkumbuka baba mdogo wangu aliyekuwa anapiga ridhim kwenye baa za huku, anaondoka nyumbani saa mbili usiku na gitaa kwenye gunia, anarudi alfajiri macho mekundu na hela ya unga na nyanya, na uzi ukikatika anaunga na waya wa breki ya baiskeli, vidole vinachubuka lakini Ijumaa inayofuata anaenda tena. Watu kama hao ndio walioibeba benga miaka yote hiyo, sasa leo wimbo unachezwa redioni na jina la marehemu halitajwi hata mara moja, kweli jamani?

Na bendi haikufia hapo. Opiyo Bilongo, ambaye tayari alikuwa mwanabenga mwenye mashabiki wake, akaingia akashika gitaa na kuimba. 2006 wakaalikwa tamasha la muziki wa dunia kule Chicago, shida ikawa viza, mambo yakakwama kabisa mpaka ofisi ya seneta wa Illinois ikasaidia, na seneta mwenyewe alikuwa Barack Obama, miaka miwili kabla hajachaguliwa rais. Wakafanya kile mwanabenga yeyote angefanya akitendewa wema, wakamtungia wimbo wa sifa, unaitwa Obama, uko kwenye albamu ya 2007, Hera Ma Nono, yaani mapenzi ya bure. Kumsifu mtu kwa jina lake ndani ya wimbo ni desturi ya benga tangu zamani, na hao wageni waliikuta hapa hapa.

Halafu kukaja ile vurugu ya baada ya uchaguzi wa 2007, sisi wa Kisumu hatuhitaji kusimuliwa. Familia za wanabendi wa huku zilikuwa taabani, mashabiki wa ng'ambo wakachanga pesa zikatumwa haraka, na ndio maana albamu ya 2009 ikaitwa Thank You Very Quickly. Mtu aliyekaa ndani siku zile, duka zimefungwa na hata krediti ya simu haipatikani, anaelewa hiyo haraka ilikuwa na maana gani.

Najua wapo watakaosema Wazungu wameiba benga yetu. Mimi sikubali. Benga haijawahi kuogopa mipaka, D.O. Misiani mwenyewe tunayemwita babu wa benga alizaliwa Shirati, Tanzania, na hakuna aliyemuuliza kitambulisho. Eagleson na Minoff walikaa na wenyewe, wakapiga nao, na jina la bendi wakagawana nusu kwa nusu. Kosa ni letu sisi tunaowasahau wa kwetu halafu tunalalamika.

Kwa hivyo Mhariri, naomba majina haya myachapishe yalivyo, Otieno Jagwasi, Onyango Wuod Omari, Opiyo Bilongo. Na yule mtangazaji kama anasoma gazeti lenu, arudie ule wimbo Jumamosi ijayo, ataje Nairobi, na auache ufike mwisho, kwa sababu benga inaanza polepole na maneno, utamu wenyewe uko kule nyuma mwimbaji akinyamaza na gitaa mbili zikaanza kukimbizana. Kinyozi wangu bado hajausikia huo mwisho.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu