Malalamiko kuhusu toleo jipya lililouzwa kwa jina la "kanda halisi"

Area C,
Dodoma.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uagizaji na Uuzaji wa Santuri na CD,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJESHEWA FEDHA NA KUONDOLEWA KWA KIBANDIKO KISICHO CHA KWELI

Nalalamikia boksi la santuri na CD nililonunua kwenu, toleo jipya la albamu ya roki ya progresivu (roki ya nyimbo ndefu zinazopanda na kushuka) ya Uingereza ya miaka ya 1970. Jina la albamu, namba ya katalogi na namba ya oda vimo kwenye nakala ya risiti niliyoambatanisha. Mzigo ulifika salama kwa basi, nikaupokea stendi ya Nanenane, na kuhusu usafirishaji sina neno. Neno langu ni juu ya kibandiko cha rangi ya dhahabu kilichoandikwa "Imesafishwa upya kutoka kanda halisi za studio". Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nilipe karibu mara mbili ya bei ya toleo la kawaida. Nimesikiliza, nimepima, na nasema wazi kwamba kilichomo ndani ya boksi hakilingani na kilichoandikwa juu yake.

Nilipowapigia simu, dada aliyepokea alinijibu kwa upole: "Kaka, labda sindano ya mashine yako imechakaa. Halafu hizo ni rekodi za zamani, lazima zikwaruze." Namshukuru kwa kunisikiliza, lakini jibu hilo silikubali. Sindano yangu ni mpya. CD haisomwi kwa sindano, na kasoro ninazozisema zimo kwenye CD vilevile. Mimi ni fundi wa sauti, kazi yangu ni vipaza sauti kwenye kumbi za mikutano hapa Dodoma. Sauti iliyobanwa naijua, na spika inayolalamika kwa sababu imelishwa kupita kiasi naijua pia.

Nieleze nilivyolinganisha, msije mkadhani ni hasira tu za mteja. Ninayo CD ya zamani ya albamu hiyohiyo, ya miaka ya 1980, niliyoachiwa na marehemu baba mdogo. Nilizipiga zote mbili kwenye amplifaya moja na spika zilezile, usiku, upepo ukiwa umetulia. Kabla ya kusikiliza chochote nilisawazisha sauti kwa kifaa cha kupimia desibeli. Hili ni jambo la lazima, na wauzaji wengi hawalifanyi: sikio la binadamu hupenda chenye sauti kubwa hata kama ni kibaya. Ukipiga toleo jipya bila kusawazisha, dakika ya kwanza utasema limechangamka. Nilipolishusha hadi likalingana na la zamani, uchangamfu wote ukaisha.

Chukueni wimbo wa pili. Unaanza kwa filimbi na gitaa lisilo la umeme, taratibu kabisa, karibu dakika mbili, ndipo dramu na besi zinaingia kwa kishindo. Kwenye CD ya zamani kishindo hicho kinakushtua, na hivyo ndivyo kilivyokusudiwa. Kwenye toleo lenu filimbi tayari ina ukubwa wa dramu. Zinapoingia hakuna kinachoinuka. Ni kama dramu zimefungiwa chumba cha pili. Matoazi ndiyo yameumia zaidi. Toazi likigongwa linapaswa kuacha mlio unaofifia polepole hadi uishe wenyewe. Hapa mlio unakatika ghafla.

Nikaifungua CD yenu kwenye programu ya kompyuta nione mawimbi yake. Sehemu za kishindo zimekatwa vichwa, bapa kama ukuta. CD ina kikomo cha juu kisichovukika, na toleo hili limesukumwa hadi likagonga kikomo hicho mara kwa mara, wimbo baada ya wimbo. CD ya biti 16 ina nafasi ya desibeli zipatazo 96 kati ya kimya na kishindo. Muziki huu uliandikwa na watu waliotaka kuitumia nafasi ya namna hiyo. Mmeuza CD iliyotumia kipande chake cha juu tu.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu ndio mzito kuliko wote. Katikati ya filimbi ile, spika ya kushoto inapoteza sauti kwa muda mfupi, chini ya sekunde moja, kisha inarudi. Hiyo ni alama ya kanda iliyochubuka. Iko kwenye CD yenu, na iko mahali palepale kwenye santuri yenu. Kwenye CD ya miaka ya 1980 haipo kabisa. Basi ama mmeuziwa kazi iliyotoka kwenye nakala ya nakala, ama kanda halisi imechakaa tangu wakati ule na walioitumia wakanyamaza. Kama ni la kwanza, kibandiko ni uongo. Kama ni la pili, mnunuzi alipaswa kuambiwa kabla ya kutoa fedha.

Wala msinijibu kwamba rekodi za enzi zile haziwezi kutoka vizuri. Albamu ya kwanza ya bendi ya Uingereza ya King Crimson, In the Court of the Crimson King, ilitoka Oktoba 1969. Ilirekodiwa London kwa mashine ya njia nane tu, yaani kanda yenye nafasi nane za kurekodia vyombo. Kwa miaka mingi CD zake zilitokana na nakala, kwa sababu kanda mama ya stereo, yaani kanda ya kwanza ya miksi iliyokamilika, haikujulikana ilipo. Ilipopatikana, toleo la mwaka 2004 likatengenezwa kutoka humo, na tofauti inasikika hata kwenye spika za bei ya chini. Mwaka 2009 mwanamuziki na fundi wa miksi Steven Wilson, pamoja na Robert Fripp mwenyewe, mpiga gitaa wa bendi hiyo, akarudi kwenye kanda za studio zenye kila chombo kwenye njia yake na kuimiksi upya. Filimbi ya Ian McDonald kwenye wimbo wa pili inapumua. Kwenye wimbo wa kwanza sauti ya mwimbaji Greg Lake imekwaruzwa makusudi, na ukwaruzaji huo umeachwa vilevile, kwa kuwa ni sehemu ya muziki. Hapo mtu akisema "kanda halisi" namwelewa.

Hapo pana jambo jingine ambalo matangazo yenu yanalichanganya kila mara, na linawagharimu wateja. Kumasta upya ni kuichukua miksi ileile ya zamani na kurekebisha uzito wa besi, ung'avu na ukubwa wa sauti. Kumiksi upya ni kurudi nyuma zaidi, kwenye kanda yenye kila chombo kwenye njia yake, na kupanga upya nani asikike wapi. Albamu ya Aqualung ya bendi ya Jethro Tull ya mwaka 1971 ilisifika kwa nyimbo na kulaumiwa kwa sauti. Miksi mpya ya Wilson ya mwaka 2011 iliifungua kwa namna ambayo kumasta peke yake kusingeweza. Albamu ya Close to the Edge ya bendi iitwayo Yes, ya mwaka 1972, ilipomiksiwa upya mwaka 2013, waliiweka na miksi ya awali kwenye toleo hilohilo ili msikilizaji achague mwenyewe. Huo ndio uungwana ninaoutaka kwenu. Ninyi mmeandika "imesafishwa upya", neno ambalo halimwambii mtu ni kipi kati ya hivyo viwili kimefanyika.

Na hilo "kusafishwa" lenyewe ndilo limeua toleo hili. Kanda yoyote ina mvumo mwembamba unaosikika muziki ukiwa chini. Aliyeitengeneza CD yenu ameufuta mvumo huo kwa kompyuta, na kwa kuufuta amefuta pia pumzi ya mpiga filimbi, vidole vinavyoteleza kwenye nyuzi za gitaa, na mikia ya matoazi. Sisi tuliokulia Ugogoni hili tunalielewa haraka. Fundi wa ilimba, ala ya Wagogo ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, hufunika matundu ya sanduku lake kwa utando wa buibui makusudi, ili kila noti iwe na mvumo wake. Mtu asiyejua akiupata mvumo huo kwenye rekodi na kuuita uchafu, atakuwa amefuta ilimba yenyewe. Marehemu Hukwe Zawose wa hapahapa Dodoma, mpiga ilimba, alirekodiwa miaka ya 1990 na Real World, kampuni ya rekodi iliyoanzishwa na Peter Gabriel, yuleyule aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Genesis hadi mwaka 1975. Kwenye albamu yake ya Chibite mvumo wa ilimba umeachwa. Waliorekodi walijua wanachokisikiliza.

Kuhusu santuri nitasema kidogo. Albamu za aina hii huweka kilele mwishoni mwa upande: wimbo wa Supper's Ready wa Genesis, dakika kama 23, unamalizia albamu ya Foxtrot ya mwaka 1972, na wimbo wa Starless unamalizia albamu ya Red ya King Crimson ya mwaka 1974. Mwisho wa upande ndipo pagumu zaidi kwa santuri. Sahani inazunguka mara moja kila sekunde 1.8, lakini mstari wa kila mzunguko unafupika kadiri sindano inavyokaribia katikati: pembeni sindano inapita zaidi ya sentimita 50 kwa sekunde, ndani kabisa inapita karibu sentimita 21 tu. Muziki uleule unabanwa kwenye nusu ya njia na pungufu. Fundi makini hukata santuri kwa sauti ya chini kidogo, au huigawa albamu kwenye sahani mbili. Santuri yenu imekatwa kwa sauti ya juu kutoka kwenye kazi iliyokwisha kubanwa, hivyo dakika nne za mwisho za upande wa pili ni mikwaruzo mitupu. Hakuna sindano itakayoziokoa.

Ninaomba yafuatayo. Kwanza, mnirejeshee bei yote ya boksi pamoja na nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam. Nami nitalirudisha likiwa na kila karatasi yake. Pili, mkiondoe kibandiko kwenye maboksi yaliyobaki hadi mtakapopata maelezo ya maandishi kutoka kwa waliowauzia: kanda gani ilitumika, imemastiwa upya au imemiksiwa upya, na nani, mwaka gani. Tatu, maelezo hayo myaweke kwenye tangazo la kila toleo jipya mnaloliuza. Ni mistari miwili tu, na mnunuzi wa Dodoma asiye na duka la kwenda kusikiliza kwanza anaitegemea kuliko picha ya boksi.

Dada wa huduma kwa wateja aliniuliza kwa nini najisumbua hivi kwa sababu ya sahani moja. Albamu hizi zilitengenezwa na vijana waliokaa studio usiku kucha wakibishana dramu ziingie kwa uzito gani. Mimi nimezisikiliza tangu utotoni kwenye sebule ya baba mdogo, na sasa wanangu wanaanza kuzipenda. Sitaki toleo la kwanza wanalolimiliki wenyewe liwe hili, wakadhani ndivyo zilivyo.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya kibandiko, picha za mawimbi ya matoleo yote mawili kwa dakika zilezile, na faili fupi ya sekunde ambapo spika ya kushoto inapotea. Naomba zisikilizwe na mtu wenu wa ufundi kwa spika au hedifoni nzuri. Spika ya simu haitatosha. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Likikosekana nitawasilisha lalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, kwa kuwa kumpa mnunuzi maelezo yasiyo ya kweli kuhusu bidhaa si suala la ladha ya muziki.

Wenu,

(Saini)

Mteja wenu wa Dodoma