Kwa Wanandoa Mnaotembea Hadi Namugongo: Msiachane Barabarani

Wanangu wapendwa,

Nawaandikia nyinyi mume na mke kutoka parokia za hapa Nairobi mnaojiandaa kwenda kwa miguu hadi Namugongo, kule Uganda walikouawa Mashahidi wa Uganda, mfike kabla ya sikukuu yao tarehe 3 Juni. Mwaka jana nilikuwa kati ya akina mama waliowapikia mahujaji njiani, na niliyoyaona Naivasha yananikera hadi leo. Baba mmoja alifika kituoni saa tisa mchana. Akavua viatu, akapakuliwa chakula, akapigiwa makofi. Mkewe alifika jua likizama, anachechemea, goti amelifunga leso, akisindikizwa na kijana wa boda aliyemwonea huruma. Nikamuuliza yule baba, kulikoni? Akanijibu, "Mama, yeye ana mwendo wake."

Mwendo wake! Basi si ungekuja peke yako?

Akina baba, nisikilizeni. Kutoka hapa hadi Namugongo ni zaidi ya kilomita 600. Hata mkitembea 30 kwa siku, hizo ni wiki tatu na ushee barabarani. Hakuna zawadi ya kutangulia. Mwenye mwendo mdogo ndiye akae mbele, na mwenye nguvu amfuate nyuma. Msiniambie kwamba huwa mnamngoja, kwa sababu nimewaona mnavyongoja. Unaketi chini ya mti, unakunywa maji, unanyoosha miguu. Mwenzako akitokea tu, unasimama na kusema, "Haya, twende." Wewe umepumzika nusu saa, naye hajakalia jiwe hata dakika moja. Kesho yake unashangaa mbona amenuna.

Mahali pa kuwachunga zaidi ni mteremko wa Mai Mahiu. Watu huogopa kupanda, kumbe kushuka ndiko kunakoumiza magoti na kung'oa kucha za vidole, hasa kiatu kikiwa kinabana. Huku malori ya kwenda mpakani yananguruma ubavuni na pembeni hapatoshi watu wawili. Pale chini kuna kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Ingieni pamoja, mkae, mvue soksi, kila mmoja aangalie nyayo za mwenzake.

Nanyi binti zangu, msifiche malengelenge. Yupo aliyenyamaza siku nzima ili asionekane mzigo. Jioni tulipomvua soksi, ilikuwa imegandamana na kisigino, ikabidi tuilainishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi huku akiuma kanga. Mumewe alikuwa chumba cha pili, hana habari. Kidonda hicho asubuhi kilikuwa upele tu. Sema mapema, mama. Huyo uliyeapa naye altareni hawezi kusikia maumivu yako kama hujayatamka.

Mengine nayataja tu. Viatu viwe vimeshazoea mguu. Vaeni reflekta, maana mtaanza safari kabla ya mapambazuko. Mwezi wa Mei ni mvua, na baridi ya Timboroa si ya mchezo, kwa hivyo bebeni sweta na koti la mvua. Kila mmoja abebe kitambulisho chake na pesa zake. Ugomvi usiamuliwe mkiwa na njaa. Mara nyingi mtalazwa kwenye kumbi au madarasa, wanaume huku na wanawake kule, basi semezaneni kabla ya kuachana usiku.

Lakini siwalaumu nyinyi peke yenu. Mtaani kwetu Jumapili, tazameni watu wakitoka misani: baba yuko mbele mikono mitupu, mama yuko nyuma, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, na mkoba begani. Tumelizoea jambo hilo hadi halituumi. Sisi wa kanisa nasi tunalichochea, maana makofi tunampigia anayefika kwanza. Tunachanga pesa za fulana zenye picha za mashahidi, lakini sanduku la huduma ya kwanza linakuja halina hata bandeji ya kutosha. Na wanaojenga barabara wanawakumbuka wenye magari, huku wanaotembea wakiachiwa mtaro.

Tunaenda kuwaheshimu akina nani, kwani? Vijana wale wa Kikristo walihukumiwa kufa kwa ajili ya imani yao, wakatolewa Munyonyo, kwenye makao ya Kabaka, wakiwa wamefungwa, wakaswagwa hadi Namugongo, wakachomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Husimuliwa kwamba Karoli Lwanga, kiongozi wao, alimtia moyo Kizito, mtoto wa miaka kama 14, akamwahidi kumshika mkono saa ya kufa ikifika. Mkubwa alimfikiria mdogo na woga wake. Wewe utapigaje magoti mbele ya imani kama ile, na mkeo umemwacha Iganga anatafuta matatu?

Nawapenda, ndiyo maana nafoka. Mume na mke kutembea wiki tatu pamoja, bila televisheni, bila kazi, bila wageni, ni neema ambayo wengi wetu hatukuwahi kuipata tukiwa na nguvu. Nimewaona pia wale wazee wawili wa jumuiya ya jirani waliokuwa wakisali rozari kwa kupokezana, mume fumbo moja, mkewe linalofuata, na mwendo wao ukawa mmoja bila mtu kuupanga.

Wenyeviti wa vikundi, kwenye mkutano wenu ujao amueni nani atatembea mbele na nani atafunga safu nyuma, mkaandike. Beseni, chumvi na bandeji tutaleta sisi akina mama.

Mama yenu,
Nairobi