Mjomba, leo tena tumepata udongo

Shikamoo mjomba,

Kila jioni ukinipigia swali lako ni lile lile: "Mmepata nini leo?" Nami nakujibu "udongo", unacheka, tunahamia mambo mengine. Jana hukucheka. Ulinyamaza kidogo, kisha ukasema hukunisomesha ili niende kuchimba mitaro. Sikukujibu, maana simu ilikuwa inaishiwa chaji na mimi nilikuwa naishiwa hoja. Nimeamua kukuandikia, tena hadharani, kwa sababu nusu ya wenzangu hapa nao wana wajomba.

Leo ni siku ya 19 ya mafunzo ya akiolojia, yaani kuchimba magofu ili kujua watu wa kale waliishije. Siku ya kwanza hatukuchimba kabisa. Tulifyeka nyasi, tukapiga picha, tukapima. Shimo letu ni mraba wa mita 5 kwa 5, misumari minne kwenye kona na kamba kuzunguka. Mwenzangu alikuwa anahangaika na pembe, nikamwambia avute tepu kutoka kona hadi kona: ikisoma mita 7 na sentimita 7 njia zote mbili, mraba umekaa. Msimamizi akauliza nimejifunzia wapi. Nikasema kwa fundi muashi, niliyembebea karai likizo zote za shule. Na kifaa chetu kikuu ni mwiko, mjomba. Mwiko kama wako, ila mdogo na kingo zimenolewa. Tofauti ni kwamba wewe unaweka nao, sisi tunaondoa nao.

Tunaondoa kinyumenyume. Kilichowekwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Hapa kuna magofu mawili yaliyokaliana: juu jengo la zama za kati, chini yake jengo la kale zaidi, na kati yao udongo wa miaka ambayo hakuna aliyeishi hapa. Hatuchimbi kwa kina, kwamba leo tushuke sentimita 20 na kesho 20. Tunafuata tabaka lenyewe, hata likiwa jembamba kama kucha au likipinda kama godoro kuukuu. Utajuaje limebadilika? Rangi, kwanza. Tuna kitabu cha vibandiko vya rangi. Unanyunyizia udongo maji, unaulinganisha, unaandika 10YR 4/3, ambayo kwa maneno ya kawaida ni kahawia. Watu wazima wawili wanaweza kubishana robo saa kama ni kahawia au kahawia iliyokolea. Lakini mimi naamini sikio kuliko jicho. Mwiko ukipita kwenye udongo wa kujaza unanong'ona. Ukigusa sakafu ya chokaa unakwaruza hadi meno yanasisimka.

Kila tabaka linapewa namba, fomu, mchoro na picha. Jioni tunazipanga namba kwenye mchoro wa visanduku vilivyounganishwa kwa mistari: hiki kiko juu ya kile, hiki kimekata kile. Mchoro huo aliubuni mwanaakiolojia Edward Harris mwaka 1973, alipokuwa akishughulika na kumbukumbu za machimbo ya Winchester, Uingereza. Mambo yalimzidi, matabaka ni maelfu, akatafuta namna ya kuyaweka kwenye karatasi moja bila kudanganya. Unaonekana kama mchoro wa ukoo. Sisi ndio tunaoukosea kila jioni, na kila jioni tunarudishwa tuupange upya.

Nami nimekosea vibaya zaidi ya hapo, ujue leo. Siku ya 6 nilikuta kigae cha chungu kimechomoza nusu kwenye ukuta wa shimo, kizuri, kimepakwa rangi ya kijani ya kung'aa. Nikakivuta. Kikatoka na bonge la udongo, na kabla sijafikiri nikakitupia kwenye ndoo ya tabaka tulilokuwa tunachimba chini. Kwa hiyo kigae cha juu kikaingia na vigae vya chini, na ndoo ile ilikuwa imeshachanganyika, hakuna anayeweza kusema kwa hakika kipi kilitoka wapi. Msimamizi hakunifokea. Alichukua mfuko mzima, akaandika kwenye lebo "mahali hapajulikani", akautenga na mingine. Vigae vile sasa ni vya wanafunzi kufanyia mazoezi ya kuosha. Vilikaa mahali pake karne kadhaa, mimi nikavifuta ushahidi kwa sekunde mbili. Nyumba uliyoikosea unaibomoa ukajenga tena. Tabaka likishachimbwa limekwisha. Linabaki daftari tu, na daftari langu la siku ile lina doa.

Siku ya 9 ilinyesha. Tulishinda tunachota maji kwa ndoo, basi.

Dhahabu hatujapata, na sidhani kama tutapata. Siku ya 14 ilitoka sarafu moja ya shaba, imevimba kutu ya kijani hadi haisomeki. Hukuruhusiwa hata kuisugua kwa kidole. Ilipimwa mahali ilipo, ikaingia kwenye kiboksi ikiwa na udongo wake, ikapelekwa kwa mtaalamu wa kusafisha. Wewe ungeuliza thamani yake. Hapa thamani yake ni kwamba ilikuwa chini ya sakafu ya jengo la juu, ndani ya kifusi kilichoshindiliwa kabla sakafu haijamwagwa. Fikiria kama fundi: mtu hawezi kuangusha sarafu ambayo bado haijagongwa. Ikisomeka kesho ni ya mwaka fulani, sakafu ile haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Inaweza kuwa ya baadaye, hata baadaye sana, maana sarafu huzunguka mikononi muda mrefu. Ila si kabla.

Sasa nije kwenye mtaro, kwa sababu ni kweli nilichimba mtaro, na ndio ulionifanya nikuandikie.

Siku ya 16 tulikuwa tumefika kwenye sakafu ya jengo la kale. Chokaa ngumu, nyeupe iliyofifia, nzuri mno. Katikati ya shimo ilikatika ghafla. Upande wa pili ikaendelea, kimo kile kile. Kati ya hizo mbili palikuwa na ukanda wa udongo teketeke, upana kama sentimita 80, umenyooka kama uliopigiwa kamba. Nikaandika kwenye fomu: mtaro. Msimamizi akasoma, akauliza swali moja tu, kisha akaondoka: "Nani anachimba mtaro katikati ya chumba?"

Nikashuka kuuchimba. Mwiko ulizama bila kubisha. Ndani kulikuwa na kifusi: vijiwe visivyofaa kitu, unga wa chokaa, mabonge ya chokaa yenye upande mmoja bapa. Nilishika bonge moja, nikaligeuza. Upande ule bapa ulikuwa alama ya jiwe. Jiwe lenyewe halipo, uso wake umebaki kwenye chokaa kama uso wa mtu kwenye mto asubuhi.

Ndipo nilipokukumbuka ukivunja ile nyumba ya zamani. Ulinikalisha kando na nyundo nigonge chokaa kwenye mawe mazima. Mazima unayapanga upande, yaliyovunjika na chokaa unayaacha palepale, msingi ukishang'olewa unafukia kwa hayo hayo. Mjomba, tulikuwa tumesimama ndani ya ukuta. Ukuta uliokuwa hapo, kisha ukang'olewa jiwe kwa jiwe hadi chini, na shimo lake likafukiwa kwa makombo yake. Chumba nilichokiona kimoja vilikuwa viwili.

Na waliong'oa tunawajua, japo si kwa majina. Ndani ya kile kifusi mna vigae vya zama za kati, vile vya kijani cha kung'aa. Mawe yao nayo tunayo: kwenye shimo la jirani, ukuta wa jengo la juu ni mawe ya ovyoovyo, ila kila baada ya hatua kuna jiwe moja lililochongwa vizuri, jingine limewekwa kichwa chini. Ndivyo watu walivyofanya kila mahali. Colosseum yenyewe, ule uwanja mkubwa wa kale wa Roma, ilichotwa mawe karne na karne kujengea makanisa na majumba ya wakubwa, na marumaru za mji ule ziliishia kwenye matanuri ya kuchomea chokaa. Wengine hapa wanawaita wezi wa mawe. Mimi siwaiti hivyo. Nimekulia kwenye nyumba ambayo najua kila jiwe lake ulilitoa wapi.

Ile fomu nimeisahihisha. Palipoandikwa mtaro nimekata kwa mstari mmoja, la zamani libaki linasomeka, maana hapa hairuhusiwi kufuta.

Kuna jambo moja nimekwama, na wasomi wote wa hapa hawajanisaidia. Kwenye ncha ya kusini kimesalia kipande kidogo cha ukuta wa kale ambacho hawakukifikia, mawe matatu tu. Kwenye chokaa kati ya mawe hayo kuna mstari uliochorwa wakati ikiwa mbichi. Unaanza kwa kina upande wa kulia, unapungua kuelekea kushoto, na mwisho umekunja kidogo kwenda juu. Nakutumia picha usiku huu, nimeweka rula pembeni. Iangalie vizuri uniambie: alikuwa anatumia mwiko au kidole, na ni mkono upi?

Mpwa wako