Mgonjwa wa ini asinywe kirutubisho ambacho daktari wake hakijui

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwaase wasomaji wenzangu wanaoishi na maradhi ya ini, pamoja na ndugu wanaowauguza, kuhusu virutubisho vinavyouzwa kila kona kwa ahadi ya "kusafisha ini". Mimi ni mfamasia katika duka la dawa la mtaani hapa Tanga, na ni nadra wiki kupita bila mtu kuja kuulizia kopo aliloonyeshwa kwenye simu, kwenye kikoba au na mfanyakazi mwenzake anayefanya biashara ya mtandao. Sina ugomvi na wanaotafuta riziki, wala na waganga wa tiba asili. Ninachokataa ni mtu mwenye homa ya ini, au ambaye ini lake limeanza kusinyaa, kuuziwa kitu ambacho daktari wake hana habari nacho.

Ini lenyewe ndilo linalosafisha mwili. Tunachomeza, kiwe kidonge cha hospitali, kapsuli ya mmea au kikombe cha mitishamba, sehemu kubwa hunyonywa tumboni na kupelekwa na damu hadi kwenye ini, nalo hukivunja na kukiandaa kitoke mwilini. Ini lenye makovu hufanya kazi hiyo kwa taabu, hivyo kiasi ambacho mtu mwenye afya angekimudu huweza kukaa mwilini mwa mgonjwa muda mrefu zaidi na kumdhuru. Hata silimarini, dondoo ya mmea inayouzwa sana kama dawa ya ini na ambayo kwa kawaida haina madhara makubwa, ilipojaribiwa Marekani kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C ambao matibabu ya wakati ule yalikuwa yameshindwa kuwasaidia, haikushusha vimeng'enya vya ini, ambavyo vikipanda kwenye damu huashiria ini limejeruhiwa, kuliko kidonge kisicho na dawa ndani yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba kitu hicho ni cha asili. Manjano ya kwenye mchuzi ni ya asili na sina wasiwasi nayo, lakini kapsuli za manjano hubeba dondoo iliyokolezwa, mara nyingi ikiwa imechanganywa na kiini cha pilipili manga ili mwili uinyonye kwa wingi ambao jikoni haufikiki, na mamlaka za Italia na Australia zimekwisha kutoa tahadhari baada ya watumiaji kupata madhara ya ini. Ndivyo ilivyo pia kwa chai ya kijani: kikombe cha chai hakina neno, ilhali vidonge vya dondoo yake vimehusishwa na ini kuharibika. Vitamini A nayo huhifadhiwa ndani ya ini lenyewe. Mtu mzima hapaswi kuzidisha mikrogramu 3,000 kwa siku za ile inayotokana na wanyama, na anayechanganya mafuta ya ini la samaki na kidonge cha vitamini nyingi anaweza kuuvuka mpaka huo bila kujua.

Mwaka jana mama mmoja alifika dukani na mfuko wa nguo, akavimwaga vilivyomo juu ya kaunta na kuniomba nimwambie kipi kimeisha muda wake. Vilikuwa vya kijana wake, ambaye ini lake limesinyaa na tumbo hujaa maji. Mlikuwamo kopo la kapsuli za manjano, vidonge vya damu, chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa dawa ya kahawia isiyo na maandishi yoyote, na vidonge vya vitamini C vile vinavyotoa povu kwenye maji. Nyumba nzima ilikuwa imeacha kutia chumvi kwenye chakula kwa ajili yake, maana kliniki walimwambia asizidishe kama kijiko kimoja cha chai kwa siku, yaani gramu 2 za sodiamu, madini yaliyomo ndani ya chumvi. Hakuna aliyewaeleza kwamba povu lile hutokana na chumvi ya sodiamu, na kwamba baadhi ya vidonge hivyo hubeba zaidi ya miligramu 200 za sodiamu kila kimoja. Alikuwa akinywa asubuhi na jioni.

Vidonge vya damu vilinisikitisha zaidi, kwa kuwa ndivyo ninavyoviona mara nyingi. Mgonjwa wa ini huchoka, jirani humwambia damu imepungua, naye huanza kumeza madini ya chuma. Chuma kikizidi hurundikana ndani ya ini na kuliongezea jeraha. Wapo wanaokihitaji kweli, kwa mfano aliyevuja damu kwenye mishipa ya koo la chakula, lakini hilo hujulikana kwa kupima wingi wa damu na akiba ya chuma, halijulikani kwa kumtazama mtu viganja.

Nilipomuuliza yule mama kama kliniki wanavijua vitu hivi, alisema hawakuuliza, na kijana asingethubutu kusema kwa kuogopa kufokewa. Kwa hiyo nawaomba madaktari na wauguzi waulize kila hudhurio, kwa upole, na wamtake mgonjwa aje na makopo yenyewe badala ya kuyataja kwa kumbukumbu.

Sisemi kwamba mgonjwa wa ini hahitaji kirutubisho chochote. Upungufu wa zinki na vitamini D ni wa kawaida kwao, na aliyekunywa pombe kwa miaka mingi mara nyingi huhitaji vitamini B1. Daktari akipima na kuandika, vinywewe kama alivyoandika. Lakini kinachopuuzwa mno ni chakula. Bado nawasikia ndugu wakimnyima mgonjwa nyama, mayai na maharage, wakati ushauri wa sasa kwa mwenye ini lililosinyaa ni gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na ale kitu kidogo kabla ya kulala ili mwili usitafune misuli usiku. Fedha ya kopo moja ingenunua dagaa na mayai ya siku nyingi. Unga wa lishe wenye karanga na mahindi nao uangaliwe sana, kwa sababu nafaka iliyovunda hubeba sumukuvu, ambayo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 na watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, na kwa mwenye homa ya ini aina ya B huzidisha mara nyingi hatari ya saratani ya ini.

Anayejiona mzima naye asidhani hayamhusu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini aina ya B, na asilimia 13 tu ndio waliokuwa wamegunduliwa. Heri apime kabla ya kufungua kopo.

Kwako, Mhariri, na kwa wenzako wa redio, nina ombi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula uko Shirika la Viwango (TBS), na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) imebaki na dawa na vifaa tiba. Bidhaa iliyosajiliwa kama chakula haipaswi kutangazwa kuwa inatibu ini, na kabla ya kupokea tangazo la namna hiyo mnaweza kumtaka mwenye bidhaa awaonyeshe cheti chake.

Mwenye kutumia tenofovir, dawa ya kudhibiti virusi vya homa ya ini aina ya B, asiiache hata siku moja kwa sababu ameanza dozi ya "kusafisha", kwani dawa hiyo ikikatishwa bila daktari kuamua, virusi huweza kurudi kwa kishindo na ini likashindwa kabisa. Na atakayeona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umekuwa mweusi au mwili unawasha baada ya kuanza kirutubisho, akiache na aende hospitali siku hiyohiyo. Kopo asilitupe, aende nalo, hata kama limekwisha.

Mfamasia,
Tanga