Raketi zipimwe uwanjani pia, si maabara peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu raketi za wachezaji wa kulipwa wa pikoliboli, mchezo unaofanana na tenisi unaochezwa kwa raketi bapa na mpira wa plastiki wenye matundu. Naomba nafasi niwasemee wachezaji wa ridhaa, hasa sisi wa kundi la miaka 50 na kuendelea.

Mmeeleza vizuri vipimo: urefu usizidi sentimita 43.18, urefu na upana vikijumlishwa visizidi 60.96, na uso usiwe na mikwaruzo ya kuuzungusha mpira kupita kiasi. Shida yangu iko tumboni mwa raketi. Mle ndani mna plastiki yenye vijumba kama sega la nyuki, na pande zote mbili zimegandishwa uso wa nyuzi za kaboni. Raketi ikipigiwa miezi kadhaa, sega hupondeka au uso hubanduka. Mtu angedhani raketi iliyochoka hupoteza nguvu. Wapi! Uso unabonyea, kisha unaurusha mpira kama manati.

Kiangazi kilichopita nilicheza mashindano ya wawiliwawili hapa jimbo la Washington, ambako mchezo huu ulizaliwa mwaka 1965, kisiwani Bainbridge. Mwenzangu, mama wa miaka 61, alisimama kwenye mstari wa jikoni, yaani ukingo wa eneo la karibu na wavu ambamo huruhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Toka hapo hadi mstari wa jikoni wa wapinzani ni mita 4 na robo tu. Mpira ulimfikia hata mkono hajauinua, ukagonga miwani, fremu ikamchana nyusi. Niliiomba ile raketi niitazame. Nilipoitikisa ililia kama kayamba. Nilipoibonyeza kwa dole gumba, uso ulizama. Mwamuzi akaangalia nembo ya kuidhinishwa, akaona iko kwenye orodha ya raketi zinazoruhusiwa, akamrudishia mwenyewe. Mchezo ukaendelea, damu ikiwa bado kwenye kitambaa.

Mwenye raketi simlaumu, hakujua. Ninachosema ni kwamba nembo inaeleza habari za sampuli iliyotoka kiwandani, na hata hapo mambo huweza kwenda kombo. Mei 2024 USA Pickleball, chama cha mchezo huu Marekani kinachoidhinisha raketi, iliziondoa kwenye orodha raketi kadhaa za kampuni ya JOOLA kwa sababu zilizokuwa sokoni hazikufanana na zilizopelekwa kupimwa, na kesi ikafika mahakamani. Baadaye kikaja kipimo kipya: mpira unafyatuliwa kwenye raketi, kisha inapimwa kasi unayorudi nayo. Ni hatua kubwa, nami naiunga mkono. Lakini kipimo hicho hakifiki kwenye meza ya usajili ya mashindano yetu.

Wachezaji wa kulipwa wana UPA-A, chombo cha kuidhinisha raketi za mashindano yao, inayozikagua hadi viwanjani. Sisi wenye macho mazito na mikono iliyopungua kasi tunaachiwa nembo. Naomba waandaaji wanunue kifaa cha kupima jinsi uso unavyobonyea, na kila raketi ikaguliwe asubuhi ya mashindano, kisha tena kabla ya mechi za medali. Ikishindwa, mchezaji asifukuzwe wala asiitwe mdanganyifu. Aazimwe nyingine acheze. Raketi nzuri inaweza kupita dola 200, na wengi wetu hatuna ya pili.

Mwenzangu amerudi uwanjani na miwani ya kinga. Siku hizi anasimama hatua mbili nyuma ya mstari, na kila nikimwambia asogee mbele, kwanza anaitazama raketi ya mpinzani.

Msomaji wenu,
Seattle, Marekani