Mwache Rukia aende Bagamoyo

Hamburg, Novemba

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho ndani ya treni nikitoka zamu ya usiku. Rukia kapata nafasi Bagamoyo akasomee uigizaji, ami zake wamekaa kikao na kusema jina la ukoo haliwezi kwenda kuchezewa jukwaani. Ukaniuliza huku Ulaya mabinti wa Kiislamu wanaoigiza wanaishije na wazazi wao. Nitakujibu kwa mtu mmoja tu, Sibel Kekilli, mwigizaji wa huku Ujerumani, maana kisa chake kimenikaa moyoni miaka mingi.

Nilimwona mara ya kwanza kazini. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Jumapili halali mtu mpaka Tatort iishe. Hii ni tamthilia ya polisi inayoonyeshwa tangu mwaka 1970, inaanza saa mbili na robo usiku, na ole wako upite mbele ya televisheni umebeba sahani. Usiku huo mpelelezi kijana, Sarah Brandt wa mji wa Kiel, alikuwa na kifafa na anawaficha wakubwa zake wasijue. Nikaweka chini bakuli la uji. Unamkumbuka kaka yangu Athumani, tulivyokuwa tukimfungia chumba cha uani wageni wakija? Yule dada aliigiza macho ya mtu anayesikia kifafa kinamjia huku watu wamemzunguka. Ni macho ya Athumani yale yale. Bibi mmoja akaniambia huyo ni Mturuki, nami nikashangaa, kwa kuwa jina alilopewa kwenye tamthilia ni la Kijerumani tupu. Aliicheza nafasi hiyo kuanzia 2010 hadi 2017.

Nikaanza kumtafuta. Kazaliwa Heilbronn, kusini mwa Ujerumani, mwaka 1980, wazazi wake wamehamia kutoka Uturuki. Alisomea kazi ya ofisi akaajiriwa kwenye manispaa ya mji wao, kazi ya meza na mihuri, ile ambayo ami zako wangeishangilia. Akaiacha, akahamia Essen, na huko akafanya kila kibarua: kusafisha, kuhudumia mezani, kuuza dukani, hata kusimama mlangoni mwa klabu ya usiku. Kipindi hicho pia alicheza filamu za ngono. Nakwambia wazi, usije ukaambiwa na mwingine ukadhani nimekuficha.

Mwaka 2002 alikuwa kwenye jengo la maduka mjini Cologne, mtu anayetafuta waigizaji akamsimamisha. Walioshindania nafasi ile walikuwa 350, akapata yeye ambaye hajasomea uigizaji hata siku moja. Filamu ni Gegen die Wand ya Fatih Akin, mtoto wa Kituruki aliyezaliwa hapa hapa Hamburg. Inamhusu binti anayemwomba mwanamume asiyemjua amwoe, ili tu atoke nyumbani kwao. Februari 2004 ikachukua Dubu wa Dhahabu, tuzo kubwa kuliko zote kwenye tamasha la filamu la Berlin, na filamu ya Kijerumani ilikuwa haijaipata tuzo hiyo kwa miaka 18.

Furaha haikumaliza wiki. Gazeti la Bild, linalouzwa kila kona ya nchi hii, likachapisha habari za zile filamu za zamani pamoja na picha, siku baada ya siku. Wazazi wake wakakata mawasiliano naye. Hebu fikiria, Mwanaisha: una miaka 23, umetoka kupigiwa makofi Berlin, na mama yako hapokei simu.

Baraza la Habari la Ujerumani baadaye lililikemea gazeti hilo rasmi, ila karipio la baraza halimrudishi mtu nyumbani kwao. Mwaka huo huo akapewa Lola, tuzo ya filamu ya Ujerumani, ya mwigizaji bora wa kike, kisha Bambi, tuzo ya vyombo vya habari vya huku. Usiku wa Bambi alipanda jukwaani analia, mbele ya kamera na wakubwa wa magazeti, akawaambia wakomeshe ile kampeni chafu, na kwamba wanachomfanyia ni ubakaji. Mimi nisingeweza. Mimi ningejifungia ndani na shuka kichwani.

Miaka miwili baadaye akashinda tuzo ya mwigizaji bora kule Antalya, Uturuki kwenyewe, kwa filamu kuhusu mapinduzi ya kijeshi ya 1980. Wengi ulimwenguni wanamjua kama Shae wa tamthilia ya Game of Thrones, na pengine Rukia keshamwona huko. Mimi nakwambia mtazame kwenye Die Fremde ya mwaka 2010, iliyompa Lola ya pili. Anacheza Umay, aliyemkimbia mume anayempiga Istanbul akaja na mwanawe kwa wazazi wake Berlin, nao hawamtaki kwa kuogopa watu watasema nini. Kuna harusi ya mdogo wake. Hajaalikwa, anakuja, anapanda mbele ya wageni na kuanza kuwasihi ndugu zake wampokee. Wanamburuta nje. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimamisha filamu hapo nikaenda kunywa maji. Alikuwa akiigiza, ndiyo, lakini mlango ule aliujua.

Baada ya hapo hakunyamaza. Amekuwa akisimama na shirika la Terre des Femmes linalotetea wanawake. Machi 2015 Rais Joachim Gauck alimkaribisha ikulu kwa ajili ya Siku ya Wanawake, naye akahutubia kuhusu mabinti wanaopigwa na kuuawa kwa jina la heshima ya familia. Mwaka 2017 serikali ikampa nishani.

Liko jambo moja sikubaliani naye. Mwaka 2006, katika mkutano wa Berlin wa kupinga ukatili majumbani, alisema ukatili ni sehemu ya utamaduni katika Uislamu. Konseli mkuu wa Uturuki akainuka akatoka ukumbini. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa msikitini swala tano na hakuwahi kutuinulia mkono, na wewe ni shahidi. Kwa hiyo neno lile liliniuma. Lakini yeye alisema pia kwamba anazungumzia aliyoyaonja nyumbani, na nyumbani kwao mimi sikuishi. Yule konseli angekaa kitako amsikilize.

Sasa Rukia. Ami zake wakisema sanaa humharibu binti, waulize Sibel aliumizwa na nini. Nimeifuatilia habari yake kwa miaka na sijaona mahali sanaa ilipomdhuru. Sanaa ndiyo iliyomwokota dukani. Aliumizwa na gazeti lililotaka kuuza nakala, na aliporudi nyuma kutafuta pa kushika, hapakuwa na mtu. Bagamoyo ni chuo, kina walimu, na toka Tanga ni mwendo wa siku moja tu kwa basi. Unaweza kwenda kumwona mwanao kila mwezi, ukabeba na visheti vyake. Mwambie tangu leo kwamba likimkuta lolote, la kweli au la kuzushiwa, wa kwanza kupigiwa simu ni wewe, na hata iwe saa tisa za usiku utapokea.

Kwa mama mfikishie shikamoo yangu. Hela ya kanga zake nimeituma jana.

Jumapili hii siko zamu. Nitapiga kabla Tatort haijaanza, kwenu itakuwa yapata saa nne usiku. Rukia asilale, nataka aniigizie kile kipande alichofanyia usaili. Na ami zake wakiwa bado wapo barazani, weka spika.

Wako,
Salma